Nyumba Iko Rehani na Deni Limepita Bei: Namna ya Kukubaliana na Benki Uuze Mwenyewe Kabla ya Mnada

Ukikopa kwa dhamana ya nyumba, biashara ikayumba na marejesho yakakwama, kuna hali moja ngumu kuliko zote: unapiga hesabu na kukuta kwamba hata nyumba ikipata mnunuzi leo, pesa yake haitatosha deni. Hapo wengi hukata tamaa. Wanazima simu, wanaacha kupokea barua, wanamsubiri dalali wa mnada. Naandika mwongozo huu kwa ajili yao, kwa sababu nimeona nyumba nzuri za Ilomba, Mbeya, na Kihesa, Iringa, zikiondoka mnadani kwa bei ya kutupa, na mwenye nyumba akabaki bado anadaiwa, wakati palikuwa na muda wa kutosha wa kuuza kwa bei ya haki.

Njia yenyewe ni hii: unaiomba benki ikuruhusu kutafuta mnunuzi wewe mwenyewe, ipokee bei hiyo japo haifikii deni lote, iachie hati, na deni linalobaki lifutwe au lipangiwe marejesho unayoyamudu. Marekani, hasa baada ya bei za nyumba kuporomoka kuanzia 2007, mabenki yaliliwekea jambo hili fomu na maofisa wake. Kwetu Tanzania usitegemee kupewa fomu ya kujaza. Unaandika barua, unajenga hoja, unafuatilia. Na hakuna sheria inayoilazimisha benki kupokea chini ya inachodai, kwa hiyo kila kitu kinategemea utakavyojiandaa.

Kwa nini benki ikubali hasara

Kwa sababu mnada una hasara kubwa zaidi. Wanaokuja mnadani ni wachache, wenye pesa taslimu, na wanajua mwenye nyumba kabanwa. Wengine hawasogei kabisa kwa kuogopa kesi, au kukuta familia imegoma kutoka. Ukiisoma taarifa ya mthamini uliyofanyiwa wakati wa kukopa utaona ina bei mbili: thamani ya soko, na chini yake thamani ya mauzo ya haraka, ambayo ni ndogo. Benki inajua kwamba mnadani itakuwa na bahati ikiipata hiyo ya pili. Humo bado hajalipwa dalali wala tangazo la gazeti.

Jambo la pili hulisikii kaunta. Mkopo ukikaa zaidi ya siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, na Benki Kuu inataka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote ya benki. Mkopo wako ukiwa humo, riba inayoendelea kuandikwa juu yake benki haiihesabu tena kama mapato, inaiweka kando. Ndiyo maana penalti na riba ya miezi ya karibuni ndiyo sehemu laini ya deni lako. Mtaji uliopewa mkononi ndio mgumu. Ukielewa hilo tu, utajua wapi pa kusukuma na wapi pa kunyamaza.

Hatua ya 1: Soma notisi na uhesabu siku

Ujumbe wa simu na barua za kukumbusha ni onyo. Karatasi inayoanzisha safari ya kisheria ni notisi ya kushindwa kulipa chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113. Lazima iwe ya maandishi, ieleze umeshindwa nini na kwa kiasi gani, na ikwambie kwamba siku 60 zikipita tangu uipokee, deni lote litadaiwa kwa mkupuo na benki itakuwa na haki ya kuuza. Andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea. Ikipokelewa na mtoto au mpangaji, andika hivyo hivyo, na jina lake.

Siku hizo 60 ndizo mtaji wako wa mazungumzo. Baada yake kazi hukabidhiwa kampuni ya udalali, gharama zake zinaongezwa kwenye deni, na afisa uliyezoeana naye tawini hana tena kauli. Bado unaweza kuzungumza, lakini kila wiki inayopita unazungumza ukiwa umebeba mzigo mzito zaidi. Kama umeshachelewa na dalali amebandika tangazo, usiache. Ruka moja kwa moja kwenye barua ya hatua ya 4 na uipeleke siku hiyo hiyo.

Katika kipindi hiki usikope kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa) ili ulipe rejesho la benki. Utanunua mwezi mmoja wa amani na kupoteza na vyombo vya ndani.

Hatua ya 2: Omba mchanganuo wa deni

Usikubali namba moja ya jumla. Omba kwa barua mchanganuo unaoonyesha mtaji uliobaki, riba, penalti, na gharama nyingine zozote, kila kimoja peke yake, hadi tarehe fulani. Kisha kaa nao na mkataba wako wa mkopo mezani. Angalia kama penalti imetozwa kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Angalia kama marejesho uliyolipa kwa wakala au kwa simu yote yameingia. Makosa huwepo, na ukiyaonyesha kwa utulivu unaheshimika kuanzia hapo.

Tafuta pia bima. Mikopo mingi hukatwa bima siku ya kutolewa, na mjane au watoto wa marehemu huendelea kuhangaika na deni ambalo bima ilipaswa kulilipa. Kama mkopaji amefariki au amepata ulemavu wa kudumu, uliza bima kabla ya kuuliza kitu kingine chochote.

Halafu kuna suala la mwenzi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba hiyo pia. Kama mkeo au mumeo hakuwahi kusaini, muone wakili mapema. Kama alisaini, mshirikishe sasa, kwa sababu na mauzo haya yatahitaji saini yake. Vivyo hivyo kama nyumba ni ya mzee aliyemdhamini kijana wake, jambo la kawaida sana Tukuyu na Njombe: mwenye hati ni mzee, na hakuna barua itakayotembea bila yeye. Kamwambie ukweli wote, hata kama ni aibu. Mzee akiusikia kwanza kutoka kwa dalali, utapoteza nyumba na utapoteza mzazi.

Kabla hujaamua kuuza, jiulize pia kama tatizo ni la muda. Kama ni mzigo wa viazi uliooza au lori lililokaa gereji, na biashara bado hai, omba kwanza mkopo upangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Uuzaji ni kwa yule ambaye kipato chake hakirudi tena pale kilipokuwa.

Hatua ya 3: Ijue bei ya kweli

Hapa usibahatishe. Tafuta mthamini aliyesajiliwa akupe taarifa mpya, kwa sababu ile ya benki huenda ina miaka kadhaa. Ni gharama, najua, na mtu aliyekwama hana pesa ya ziada. Lakini bila karatasi hiyo, bei yako ni maneno mbele ya watu wenye karatasi. Kama huiwezi kabisa, kusanya nakala za mikataba ya mauziano ya nyumba za jirani zinazofanana na yako, zilizouzwa karibuni, na umwombe mwenyekiti wa mtaa athibitishe.

Kumbuka kwamba atakayeamua hayuko Mbeya. Ombi la kupokea chini ya deni mara nyingi halimalizwi na meneja wa tawi. Linakwenda makao makuu Dar es Salaam, kwa watu wa urejeshaji madeni na kamati ya mikopo. Mtu huyo hajui tofauti ya mtaa wa Iwambi na wa Forest hapa Mbeya. Hajui kwamba Uyole ndipo barabara kuu inapokutana na ile ya Tukuyu, Kyela na Malawi, kwamba chumba jirani na chuo cha MUST, Mbeya, au cha Mkwawa, Iringa, hakikosi mwanafunzi, kwamba njia ya kwako haipitiki masika. Faili lako ndilo litakalomweleza. Weka picha za pande zote, mpaka unyevu wa ukutani na paa lililooza, umbali kutoka lami, kama maji yanatoka, kama kuna wapangaji na wanalipa kiasi gani. Usifiche ubovu. Ubovu ndio unaoeleza kwa nini bei haifikii deni.

Angalia na msimu. Nyanda za juu pesa hutembea kuanzia Juni, mpunga wa Kyela na Usangu ukishavunwa na mahindi yakianza kupata soko. Januari watu wana ada za shule na mbolea ya kukuzia, na hata mnunuzi mwenye nia atakupa bei ya kukuonea. Kama notisi yako imekukuta Machi, hiyo ni hoja halali ya kuomba benki muda hadi Julai: mueleze afisa kwamba mnada wa Mei utamletea nini na mauzo ya Julai yatamletea nini.

Hatua ya 4: Andika ombi

Barua hii ndiyo moyo wa kazi yote. Iwe ya ukurasa mmoja, isiyolia wala kutisha. Mfano, kwa namba za kubuni:

*Meneja wa Tawi,*

*YAH: OMBI LA KUUZA NYUMBA ILIYO REHANI KWA MAKUBALIANO, MKOPO NAMBA …*

*Nilipokea notisi yenu tarehe … Biashara yangu ya mbao ilisimama baada ya … (viambatisho A na B). Kipato changu cha sasa ni Sh 450,000 kwa mwezi, na ninao wategemezi watano. Siwezi kurudi kwenye rejesho la awali.*

*Kwa mchanganuo wenu wa tarehe …, deni ni Sh 68,000,000: mtaji Sh 52,000,000, riba Sh 11,000,000, penalti Sh 5,000,000. Thamani ya soko ya nyumba kwa taarifa ya mthamini (kiambatisho C) ni Sh 58,000,000, na ya mauzo ya haraka ni Sh 42,000,000. Nimepata mnunuzi aliye tayari kulipa Sh 56,000,000 ndani ya siku 45 (barua yake ni kiambatisho D).*

*Naomba mridhie: kwanza, nyumba iuzwe kwa bei hiyo na pesa ilipwe moja kwa moja benki, pili, kodi ya mauzo ilipwe kutoka kwenye bei kabla ya mgawanyo, tatu, pesa ya mauzo ilipe mtaji kwanza, nne, penalti yote na sehemu ya riba, jumla Sh 8,000,000, zifutwe, tano, salio la Sh 4,000,000 nililipe kwa Sh 200,000 kwa miezi 20 bila riba mpya, sita, mnada usimame wakati ombi hili linashughulikiwa.*

*Barua hii ni kwa ajili ya majadiliano na haiathiri haki zangu za kisheria. Naomba jibu la maandishi.*

Kwenye mfano huo nimechukulia kwamba kodi haikutokea. Ikitokea, salio linaongezeka kwa kiasi hicho, na nitaieleza mbele kidogo. Tazama namba zilivyokaa. Benki inaona Sh milioni 56 upande mmoja, na upande wa pili Sh milioni 42 ambazo bado hazijakatwa malipo ya dalali. Inaona kwamba mtaji wake wote unarudi. Hujaiomba huruma, umeipa sababu ya kupitisha, na yule wa Dar ana kitu cha kuonyesha kwenye kikao.

Ambatisha ushahidi wa hali yako: taarifa ya akaunti ya miezi sita, barua ya hospitali kama ni ugonjwa, barua ya kuachishwa kazi, vitabu vya duka. Kama kuna sehemu ya deni unayoibishia, iseme humo humo, maana ukishaandika namba bila kuipinga umekiri. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke tawini bila muhuri huo. Kisha pita kila wiki. Ukimkuta afisa mpya, mwanzishie upya kwa heshima, mwachie nakala nyingine. Faili lisilo na mwenye kulifuatilia hukaa chini ya mengine.

Atatokea mtu, pengine mwenye suti, atakayekuambia ana ndugu makao makuu na ukitoa laki tano atakusogezea faili. Usimpe hata mia. Hakuna malipo ya kuombea ombi hili zaidi ya mthamini na wakili wako, na wote wanakupa risiti.

Hatua ya 5: Mnunuzi, na njia ya pesa

Mtafute mnunuzi wakati barua inazunguka, usisubiri jibu. Tumia madalali wa mtaa, wapangaji wako, kanisani, kikundi cha wanaoishi Dar wenye asili ya kwenu. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga anayesomesha watoto Iringa mjini ni mnunuzi mzuri kuliko yule anayesema "tutaongea mwisho wa mwezi".

Mwambie ukweli tangu siku ya kwanza kwamba nyumba iko rehani. Atajua tu, kwa sababu upekuzi kwa Msajili wa Hati utaonyesha jina la benki. Na kuuza nyumba ya rehani kimyakimya, ukachukua pesa ya mtu ukidhani utalipa benki baadaye, kunaweza kukufikisha mahakama ya jinai.

Hofu ya mnunuzi ni moja: nitalipa, halafu benki ikatae kuachia hati. Hofu yake ni ya haki, na dawa yake ni mkataba wa pande tatu: wewe, mnunuzi na benki. Mkataba huo uandikwe na wakili na useme wazi kwamba benki ikipokea kiasi fulani kwenye akaunti fulani ifikapo tarehe fulani, itatoa hati ya kuondoa rehani na kukabidhi hatimiliki ndani ya siku zilizotajwa. Na uhamisho ukikwama kwa sababu isiyo ya mnunuzi, pesa inarudi. Benki nyingine hupendelea pesa ikae kwanza akaunti ya wateja ya wakili. Vyote viwili vinafaa. Kisichofaa ni pesa kupita mfukoni mwako. Hata malipo ya awali usiyapokee mkononi, hata kama mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Ukiigusa shilingi moja, benki inapata sababu ya kusema umevunja makubaliano, na mnunuzi anapata sababu ya kukushitaki.

Kwenye mkataba huo huo weka siku zako za kuhama. Mwezi mmoja au miwili baada ya malipo ni ombi la kawaida, na mnunuzi anayepata nyumba isiyo na kelele za mnada hulikubali. Wapangaji nao waambie mapema, na kodi waliyokulipa mbele ihesabiwe kwenye mkataba.

Kama eneo lako halina hati na una barua ya ofa ya kiwanja, leseni ya makazi au hatimiliki ya kimila, njia ni ile ile lakini uhamisho unapita kwingine, na kwa ardhi ya kijiji halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe mnunuzi. Uliza hilo kabla ya kuahidi tarehe yoyote.

Hatua ya 6: Deni linalobaki

Hapa ndipo watu huumizwa, na wanaumizwa wakidhani wameshapona. Benki inakubali bei, inapokea Sh milioni 56, inaachia hati, watu wanapeana mikono. Miaka miwili baadaye inakuja barua ya kudai Sh milioni 12 zilizobaki, zimeshazaa. Na benki ina haki, kwa sababu kuachia rehani ni kuachia nyumba. Deni ni mkataba mwingine, nalo lipo mpaka lilipwe au lisamehewe kwa maandishi.

Kwa hiyo barua ya benki ya kukubali isomwe neno kwa neno. Kama inasema tu kwamba benki "inaridhia mauzo kwa bei ya Sh 56,000,000", haijakusamehe chochote. Maneno unayoyatafuta ni ya aina hii: *baada ya kupokea Sh 56,000,000, na baada ya mkopaji kulipa Sh 4,000,000 kwa awamu, benki itachukulia mkopo huu umelipwa kikamilifu, na haitamdai mkopaji, mwenzi wake wala wadhamini wake kiasi kingine chochote.* Wadhamini watajwe. Mdhamini asiyetajwa anaweza kufuatwa peke yake, na mara nyingi ni shemeji au mwalimu mwenzako aliyesaini kwa kukuamini.

Kama benki inagoma kufuta, usivunje mazungumzo. Omba kwa mpangilio huu: penalti ifutwe yote, riba ya tangu mkopo ulipokuwa chechefu ifutwe, pesa ya mauzo ilipe mtaji kwanza. Hili la tatu watu hawalijui na lina uzito mkubwa, kwa sababu malipo yakianza kumeza penalti na riba, kinachobaki ni mtaji, na mtaji unaendelea kuzaa. La mwisho, salio lisimame pale lilipo bila kuongezeka. Salio la Sh milioni 9 lisilozaa unaweza kulimaliza ukiwa na genge la matunda Mwanjelwa. La Sh milioni 7 linalozaa kila mwezi linaweza kukuzeesha.

Na usiahidi rejesho usiloliweza ili tu upitishwe. Toa kipato chako, toa kodi ya nyumba utakayohamia, chakula, ada, nauli. Kinachobaki, kigawe kwa mbili. Hiyo nusu ndiyo ahadi yako.

Hatua ya 7: Kodi na uhamisho

Mauzo ya nyumba yana kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji (siyo VAT), asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Kama ulijenga kwa zaidi ya unachouzia, hakuna faida na hakuna kodi, ila lazima uonyeshe. Ndiyo maana risiti za saruji, mabati na fundi ni pesa. Asiye na kumbukumbu za gharama, sheria ya fedha ya 2022 ilimwekea njia ya asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa Sh milioni 56 hiyo ni Sh 1,680,000. Upo pia msamaha kwa nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, faida ikiwa haizidi Sh milioni 15. Nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema ukapate makadirio, kabla ya barua ya mwisho ya benki, kwa sababu bila uthibitisho wa kodi uhamisho hausajiliwi. Wewe hupokei hata senti kwenye mauzo haya, lakini kodi ni ya muuzaji. Ndiyo sababu kwenye barua niliiweka ombi la pili.

Lipa pia malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya bei, kwa kawaida ni wa mnunuzi, ila uandikwe kwenye mkataba asije akageuka. Uthamini wa uhamisho, kibali na usajili vinashughulikiwa ofisi ya ardhi ya halmashauri na ya mkoa. Mwachie wakili, lakini mpigie simu kila wiki.

Benki ikikataa

Omba sababu kwa maandishi, kisha rekebisha na uombe tena; bei ikipanda kidogo au mnunuzi akilipa haraka zaidi, jibu linaweza kubadilika. Ukiona unazungushwa au penalti haieleweki, peleka malalamiko rasmi benki kwanza, na usiporidhika nenda dawati la malalamiko ya wateja la Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini.

Mnada ukitangazwa, ujue haki zako. Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya ardhi kuuzwa mnadani, katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mauzo penyewe, na liwe pia kwa Kiswahili, likitaja jina la mwenye mali na anapoishi. Na kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana wakati huo. Ikiuza kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo, na unaweza kuomba mahakama itengue mauzo. Ile taarifa ya mthamini na barua ya mnunuzi wa Sh milioni 56, zenye muhuri wa benki wa kupokelewa, hapo zinakuwa ushahidi mzito: benki iliijua bei nzuri ikaiacha. Lakini nenda kwa wakili kabla ya siku ya mnada. Nyundo ikishagonga, sheria inamlinda mnunuzi wa nia njema, na kuirudisha nyumba ni vigumu sana. Mahakama pia haitausimamisha mnada kwa sababu tu huna pesa, inataka kasoro.

Baada ya mauzo

Awamu ya mwisho ikishalipwa, dai barua ya kumaliza deni, na udai pia karatasi nyingine zozote zilizobaki benki, kama kadi ya gari au hati ya shamba iliyoongezwa kuwa dhamana ya ziada. Benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni huzisoma. Baada ya miezi michache omba taarifa yako. Ukikuta bado inasoma unadaiwa, peleka nakala ya barua ya kumaliza deni kwa benki na kwa kampuni iliyotoa taarifa hiyo, ugongewe muhuri kote kuwili, na uombe taarifa mpya baada ya masahihisho.